Mtoto wa Watu

Mazungumzo ya asubuhi redioni. Somo: Danieli 1:1–21

Nawasalimu ninyi mlio visiwani, Lamu, Manda na Pate, na ninyi wa bara, Mokowe, Hindi, Mpeketoni na Witu, pamoja na ndugu walio mbali zaidi ambao sauti hii inawafikia. Najua wengine mnakunywa chai, wengine mmeshashika njia ya shamba, na wako mabaharia wenye redio ndogo chomboni. Karibuni. Mwenye Biblia karibu na aifungue kitabu cha Danieli, sura ya kwanza. Asiye nayo asihangaike, nitaisimulia.

Sura hii tumezoea kuihubiri Jumapili ya vijana. Tunawasimamisha vijana mbele, tunawaambia wawe hodari kama Danieli, kisha tunawaketisha na ibada inaendelea. Leo naomba tuisome polepole, maana ndani yake wamo watu ambao huwa tunawapita bila hata kuwaamkia.

Yerusalemu ilikuwa imezingirwa na Nebukadreza, mfalme wa Babeli. Vyombo vya hekalu vikachukuliwa, na pamoja na vyombo wakachukuliwa vijana. Mfalme alimwagiza mkuu wa matowashi, jina lake Ashpenazi, achague waliokuwa wazuri wa sura na wepesi wa kufahamu, wakafundishwe lugha na maandishi ya Wakaldayo kwa muda wa miaka mitatu. Biblia haitaji umri wao. Lakini mtu anayechukuliwa leo akafundishwe lugha ngeni, na baada ya miaka mitatu asimame mbele ya mfalme akiisema pasipo kigugumizi, si mzee. Mimi huwaza kwamba walikuwa kama watoto wetu wa kidato cha pili au cha tatu. Yusufu naye alikuwa na miaka kumi na saba tu habari zake zinapoanza kusimuliwa, na muda si mrefu baadaye akajikuta Misri.

Sasa, kwa nini nimeileta habari hii? Kwa sababu siku hizi wako watoto wa kwetu wanaokwenda ng'ambo katika umri uo huo, si kwa minyororo bali kwa pasipoti. Huitwa wanafunzi wa kubadilishana. Sisemi kwamba ni mateka, hasha. Mtoto ameomba mwenyewe, amefanya mtihani, ameitwa kwenye usaili, na baba ametia sahihi. Lakini akishashuka kwenye ndege, akaingia nyumba ambayo hajui hata choo kiko wapi, basi amekuwa kile ambacho Waswahili hukiita mtoto wa watu. Na neno hilo kwetu ni zito. Ukisikia mama anamkanya mwanawe, "Mwangalie vizuri, huyo ni mtoto wa watu," umejua kwamba kuna hesabu itakayotolewa.

Kwa wasioujua mpango huu, nieleze kidogo. Wakati wa vita kuu ya kwanza ya dunia, Wamarekani kadhaa walijitolea kwenda Ufaransa kuendesha magari ya kubeba majeruhi. Kundi lao liliitwa American Field Service. Wakaifanya kazi ile ile katika vita vya pili. Vita vilipokwisha, madereva wale walikutana mwaka 1946 wakashauriana wafanye nini sasa, na shauri lao likawa hili: wachukue vijana wa shule za sekondari kutoka nchi mbalimbali, wakae mwaka mmoja katika nyumba za watu wa taifa lingine. Wanafunzi wa kwanza walifika Marekani mwaka 1947. Angalieni jambo hilo. Watu waliobeba majeruhi wa vita viwili hawakusema wajenge sanamu. Walitafuta nyumba zenye kitanda kimoja cha ziada.

Kisha ikaja Septemba 11, mwaka 2001, ambayo sina haja ya kuisimulia. Mwaka 2002 maseneta wawili wa Marekani, Edward Kennedy na Richard Lugar, mmoja wa chama hiki na mwingine wa chama kile, waliunga mkono mpango mpya, ulioitwa kwa kifupi YES, kwa ajili ya vijana wa nchi zenye Waislamu wengi. Nchi yetu ya Kenya ikaingizwa. Kijana wa miaka kumi na mitano hadi kumi na saba hivi hukaa mwaka mmoja wa masomo, akasoma shule ya hapo mtaani, akala meza moja na wenyeji wake. Serikali ya Marekani ndiyo ililipa. Familia inayompokea hailipwi.

Mimi huyatazama mambo ya serikali kwa jicho la tahadhari. Serikali haitoi nauli bure, na kila dola linalosomesha vijana wa wenzake lina kitu linachokitumainia. Nebukadreza naye hakuwa mjinga. Hata hivyo, mtoto akishafika, hapokewi na serikali. Anapokewa na mama fulani aliyesimama uwanja wa ndege ameshika karatasi yenye jina lake, na huenda jina lenyewe limekosewa herufi.

Sisi wa huku si wageni wa mambo haya ya kupokea na kupokewa. Wazee wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, husimulia kwamba zamani jahazi kubwa la Wachina lilivunjika karibu na kisiwa, na mabaharia waliookoka wakaogelea hadi pwani. Wenyeji hawakuwapokea mara moja. Palikuwa na chatu aliyewasumbua watu, na wale wageni walipomwua ndipo wakapewa mahali pa kukaa. Wakasilimu, wakaoa, wakazaa. Wako wanaosema lilikuwa jahazi la misafara ya Zheng He, amiri wa baharini wa China, aliyesafiri mara saba kati ya mwaka 1405 na 1433. Wataalamu hawakubaliani juu ya hilo. Lililo hakika ni kwamba vigae vya vyombo vya Kichina vimechimbuliwa katika magofu ya Shanga, na mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sarafu ya mfalme Yongle, aliyewatuma mabaharia wale, imepatikana katika kisiwa cha Manda.

Mwaka 2005 China iliadhimisha miaka 600 tangu safari ya kwanza ya Zheng He. Binti wa miaka kumi na tisa kutoka Siyu, Mwamaka Sharifu, ambaye jamaa zake huhesabiwa kuwa wa uzao wa mabaharia wale, alialikwa kwenye sherehe. Kisha akapewa nafasi ya kusoma uganga wa Kichina huko Nanjing. Magazeti ya dunia yalimwandika sana, yakamwita binti aliyerudi kwao. Nami nikawaza: kwao ni wapi? Kwao ni Siyu. Kule alikuwa mtoto wa watu, mwenye kuanza kujifunza lugha kama mtoto mchanga, miaka na miaka, katika mji wenye baridi.

Na tena Zheng He mwenyewe, mnajua alianzaje? Alizaliwa katika nyumba ya Waislamu jimbo la Yunnan, akakamatwa na majeshi akiwa mtoto wa miaka kama kumi, akafanywa towashi, akapelekwa kumtumikia mwana wa mfalme. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka Ashpenazi na nyumba yake ya matowashi, na watoto waliopitishwa mlangoni pake.

Lakini nisiwapake mafuta wenyeji wakaonekana kwamba hawana wanalolihatarisha. Siyu hiyo hiyo, mnamo mwaka 2002, ilimpokea mtu mwingine aliyekuja na jina lisilo lake, akafundisha watoto, akakaa nao kama mtu wa nyumbani. Alikuwa Fazul Abdullah Mohammed, aliyekuwa akitafutwa kwa ajili ya bomu la Nairobi la Agosti 7, 1998, lililoua watu zaidi ya mia mbili. Watu wa kijiji walipata taabu kubwa baadaye kwa mgeni ambaye hawakumjua ni nani. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba kumpokea mgeni ni jambo jepesi, mwambie aende Siyu akaulize.

Sasa nawaletea habari ya binti mwingine, ambaye sitamtaja jina. Baba yake ni fundi wa majahazi kule Matondoni. Ilikuwa mwaka 2015. Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Mwaka mmoja kabla yake, usiku wa Juni 15, 2014, wauaji waliingia Mpeketoni, na katika siku zile watu kama sitini wakauawa, wengi wao Wakristo. Kaunti nzima ikawekewa amri ya kutotoka usiku. Watu waliokuwa wakiazimana chumvi wakaanza kusalimiana kwa mbali. Siku zile Fundi alinijia nyumbani, akaketi, akakaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Padri, binti yangu amepata nafasi ya kwenda Marekani mwaka mmoja. Wamemtafutia nyumba. Watu wenyewe ni Wakristo, kila Jumapili wako kanisani. Wale ni watu wako. Nambie kweli, ni watu?"

Ndugu msikilizaji, swali lile sikufundishwa kulijibu chuoni. Nilimwambia, "Fundi, mimi siwajui. Kwenda kanisani si cheti cha wema. Lakini najua walichoandikiwa." Nikafungua Walawi 19, pale Bwana anapowaagiza Israeli wamhesabu mgeni akaaye kwao kama mzaliwa, na kumpenda, kwa kuwa wao nao walikuwa wageni Misri. Nikamsomea. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Hayo yameandikwa. Je, wanayasoma?"

Tukaandika barua pamoja, yeye akisema kwa Kiswahili, mimi nikiandika kwa Kiingereza. Mambo ya kwanza mliyatazamia: hali nguruwe, anasali mara tano, anajifunika kichwa, asiachwe chumbani peke yake na mwanamume. La mwisho sikulitazamia. Fundi alisema, "Andika kwamba ana haya. Akiulizwa kama ana njaa atasema hana. Waulize mara ya pili."

Hilo la mara ya pili ndilo lililokuwa na maana kuliko yote, kama lilivyokuja kuonekana. Kwetu mtu hakubali chakula mara ya kwanza, labda awe hana adabu. Unakaribishwa, unasema nimeshiba, unasisitiziwa, ndipo unanawa mikono. Kule, mtu akikuuliza, "Unataka chakula?" nawe ukasema, "La, ahsante," basi sahani inaondolewa, na hilo ndilo heshima kwake, kwamba amesikia neno lako na kulishika. Hakuna aliye mkatili hapo. Wote wawili wana adabu, na mtoto analala njaa.

Binti alisimulia baadaye kwamba wiki mbili za kwanza alipungua mwili. Mama mwenyeji alikuwa ameibandika ile barua kwenye mlango wa friji, na siku moja akiisoma tena akafika kwenye mstari ule wa mwisho, akaweka mkono mdomoni. Tangu siku hiyo akawa anauliza, kisha anageuka kidogo, kisha anauliza tena. Watoto wake wakadhani amezeeka ghafula.

Rudini sasa kwa Danieli. Tunasema alikuwa shujaa kwa sababu alikikataa chakula cha mfalme. Ni kweli, lakini tazama aliyoyakubali. Alikubali shule. Alikubali lugha. Alikubali hata kubadilishwa jina, akaitwa Belteshaza, jina lenye mungu wa Babeli ndani yake, na hatusikii kwamba aligomba. Alichagua mahali pamoja pa kusimama, nacho ni chakula. Vijana, sikieni hapo. Anayekataa kila kitu ugenini hawezi kusikilizwa katika kile kimoja kinachomhusu kweli. Na tazama alivyokataa. Hakupindua sahani. Alimwendea mkuu kwa adabu, akaomba.

Na mkuu akajibuje? Aliogopa. Alisema mfalme akiwaona ninyi mmekonda kuliko wenzenu, kichwa changu kiko hatarini. Hapo ndipo huwa tunapita haraka. Mtu yule hakuwa wa imani ya Danieli. Hakuwa na faida yoyote katika jambo lile. Biblia inasema Mungu ndiye aliyemfanya amwonee Danieli huruma. Basi Danieli akamgeukia msimamizi aliye chini yake, akampa njia ambayo angeweza kuibeba: tujaribu siku kumi tu, kwa mtama na maji, kisha utazame. Msimamizi akakubali. Katika Biblia yetu ya Kiswahili hata jina hakupewa, ni msimamizi tu. Lakini ndiye aliyekiondoa chakula cha mfalme mezani kila siku, kimya kimya, miaka mitatu, huku akijua bei yake ikijulikana. Imani ya Danieli ilitunzwa na Mungu, nakiri hivyo kwa moyo wote. Ila Mungu aliitunza kwa mikono ya Mbabeli aliyebeba sahani.

Nyumba ile ya Marekani ilikuwa na mbwa. Mnacheka, lakini kwa msichana wa Kiislamu wa Lamu, mji wa punda na paka, lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu mate ya mbwa yanatia najisi na mbwa yule alikuwa mpole mno, anataka kumlamba kila mtu. Binti hakusema afukuzwe. Aliomba tu mbwa asiingie chumba anachosalia. Baba mwenyeji akafunga kijilango cha mbao. Walinunua kikaango kipya, wakakitia alama ya rangi, kisichopikiwa nyama ya nguruwe. Ulipofika mwezi wa Ramadhani, katika wiki zake za mwisho kule, mama yule akawa anaamka naye kula daku, naye kesho yake ana kazi. Alisema hawezi kulala wakati mtoto wa watu anakula peke yake gizani.

Shuleni alikuwa na kazi ya kuieleza nchi yake. Wanafunzi wa mpango ule hutakiwa kufanya hivyo, hasa mwezi wa Novemba. Akawaeleza kwamba mji wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na kwamba ndani yake mizigo hubebwa kwa punda. Wakamwonea huruma kwa kukosa magari. Akawauliza gari lingepita wapi, maana kwenye njia zetu punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja inabidi arudi nyuma.

Msidhani ilikuwa asali tupu. Mwezi wa tatu ulikuwa mgumu, na wote waliokwenda husema hivyo hivyo. Ugeni umeisha utamu, na wenyeji wameacha kukukaribisha kama mgeni, maana sasa wanakutuma kuosha vyombo. Theluji ya kwanza ni ajabu, ya ishirini ni adhabu. Jua linazama saa kumi na moja. Nyumba hazina daka pale mlangoni ambapo mtu hukaa akaona wapitao, kila mtu yuko ndani, na ukitembea barabarani huamkiwi. Kumwita mtu mzima kwa jina lake tupu kulimkwama kooni, akaishia kutomwita kabisa.

Zamani kijana wa ugenini alingojea barua wiki tatu. Alilia, kisha akaoga, akashuka chini kula na wenyeji kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda. Siku hizi kuna simu. Binti alikuwa akijifungia chumbani anaongea na dada zake hadi usiku wa manane, mwili uko Marekani, roho iko Matondoni. Fundi ndiye aliyekata shauri. Alimwambia, "Utanipigia Ijumaa. Siku nyingine zungumza na waliokupa kitanda." Wako jirani waliomwona ana moyo mgumu. Mimi nilimwona ana hekima, maana mzazi anayemwita mtoto nyumbani kila saa hamruhusu afike alikokwenda.

Jumapili alikwenda nao kanisani kwa hiari yake, akaketi nyuma. Baba yake aliruhusu, mradi asilazimishwe kusali sala isiyo yake, na hakulazimishwa. Lakini siku moja, baada ya ibada, watu wakinywa kahawa, mzee mmoja wa kanisa lile alimjia akamwuliza mbele ya wengine kama ni kweli kwao watoto hufundishwa kuwaua Wakristo. Msichana wa miaka kumi na sita, ana kikombe mkononi. Akamjibu kwamba kwao Wakristo waliuawa kweli, mwaka uliotangulia, na kwamba baba yake alipokuwa hajui kama ampeleke nyumba ya Wakristo au asimpeleke, aliyekwenda kumwuliza shauri alikuwa padri wa kanisa. Hakusema zaidi. Baba mwenyeji alikuwa amesimama nyuma yake. Aliweka kikombe chini, akamchukua wakaenda nyumbani, na Jumapili iliyofuata yeye ndiye aliyekwenda kuzungumza na mzee yule. Waliyozungumza hakuyaleta mezani.

Wapendwa, nililisikia jambo lile kwa uchungu mara mbili. Kwanza kwa ajili ya mtoto. Pili kwa sababu mzee yule ni ndugu yangu katika Kristo, amebatizwa kwa maji ninayobatizia mimi, na swali lake nimelisikia pia huku kwetu, likiulizwa kwa sauti ya chini zaidi.

Alirudi mwezi wa sita mwaka uliofuata. Sheria ya mpango ni kwamba kijana arudi kwao. Kuna gharama moja ambayo wazazi nawashauri waijue mapema: mwaka ule wa Marekani haukuhesabiwa katika masomo yetu. Alirudia kidato cha tatu, wenzake wakiwa mbele, naye akivaa sare iliyokuwa imemwishia urefu. Alitembea haraka. Alisema "ahsante" kwa kila kitu, hata kwa dada yake aliyempitishia maji, mpaka wakamtania. Nilimwuliza Fundi kama binti amerudi vile vile. Akasema, "La, Padri. Niliyempeleka hakurudi. Amerudi mwingine anayefanana naye sana, na anasali." Kisha akaendelea kupiga randa ubao wake.

Sasa niwaulize ninyi mlio majumbani. Watoto wa watu hawako Marekani tu. Wako watoto wa Kizingitini na Kiunga wanaolala katika nyumba za Lamu ili wasome. Wako watoto wa Waboni, kutoka Basuba na vijiji vya msituni, ambao shule zao zilifungwa kwa ajili ya mashambulizi ya Al-Shabaab, wakaletwa kusoma bwenini Mokowe. Wengine wanafanya kazi za nyumbani kwetu, nao hawajatimiza miaka kumi na minane, tunawaita kwa jina la kazi yao. Mmoja wa hao akiwa chini ya paa la Mkristo, je, kuna kikaango chake? Tunamwuliza mara ngapi?

Najua wako watakaoniambia, "Mchungaji, sasa Injili tuifiche?" Sikusema hivyo. Akikuuliza tumaini lako, mwambie, tena mwambie bila kuona haya. Lakini mtoto anayekula kwako hana mlango wa kutokea. Akikubali neno lako, hujui amelikubali neno au amekubali ugali. Akishakuwa mtu mzima, amesimama kwa miguu yake, mna nafasi ya kuzungumza kama watu wawili. Kabla ya hapo, mpe mahali pa kuweka mswala wake kama yeye ni Mwislamu, au Biblia yake kama yeye ni Mkristo katika nyumba isiyo ya Kikristo. Hili la pili nawaomba ndugu zetu Waislamu wanaotusikiliza, na najua mpo, maana mara nyingi huniambia gengeni niliyoyasema asubuhi.

Na wewe mzazi ambaye barua imefika, fomu iko mezani, na usiku hulali: usimwulize mtoto tu kama yuko tayari kwenda. Mwulize ni jambo gani moja ambalo hatalila, kisha mfundishe kuliomba kwa adabu. Halafu uwaandikie wenyeji wake kwa mkono wako mwenyewe. Waambie anapenda nini, anaogopa nini, na akinyamaza maana yake nini. Hao wanaoandaa mipango wana fomu nyingi, lakini hakuna fomu yenye nafasi ya kuandikia kwamba mtoto huyu husema hana njaa.

Kesho, Mungu akipenda, tutaendelea na sura ya pili, usiku ule mfalme alipokosa usingizi, akaamka akidai aelezwe ndoto ambayo hakutaka kuisimulia. Vijana wale wanne walikuwa bado hapo mjini, na majina yao mapya. Kwaherini.